Meno Yaliyojikunja Kama Ukili

Umewahi kumtazama mama anayesuka ukili? Huanza na miyaa michache mkononi. Kadiri anavyosuka, ukili hurefuka. Ili usimsumbue, huukunja. Kipande alichosuka kwanza hubaki katikati kabisa. Kipande alichosuka leo huwa nje. Ukiutazama ukili huo kwa ubavuni, utaona duara ndani ya duara.

Sasa fikiri kwamba ukili huo si wa miyaa. Ni wa meno. Meno zaidi ya 100, yenye ncha kali, yote yameota juu ya shina moja, na shina hilo limejikunja duara. Meno madogo yapo katikati. Meno makubwa yapo nje.

Kitu kama hicho kilikuwako. Kilikuwa ni sehemu ya mwili wa samaki. Samaki huyo hayupo tena duniani, lakini meno yake yamekutwa ndani ya mawe. Wataalamu walipoyaona, walibishana kwa zaidi ya miaka 100. Walibishania jambo moja kubwa: meno haya yalikaa mahali gani mwilini?

Wataalamu walimpa samaki huyo jina la Helikoprioni. Jina hilo limetokana na lugha ya Kigiriki. Maana yake ni msumeno uliozunguka.

ZAMANI ZA KALE

Helikoprioni aliishi baharini kama miaka milioni 290 hadi milioni 270 iliyopita. Kusema milioni ni rahisi, lakini kuielewa ni kazi. Tujaribu hivi. Keti uanze kuhesabu, kila sekunde namba moja, usiku na mchana, bila kula wala kulala. Utafika milioni moja baada ya siku 11 na nusu. Ukitaka kufika milioni 270, itakubidi uhesabu kwa zaidi ya miaka 8.

Wakati huo hapakuwa na mtu. Hapakuwa na ng'ombe, wala ndege. Hata wale wanyama wakubwa wa kale waitwao dinosaria walikuwa hawajatokea. Mahali pengi ambapo leo ni nchi kavu palikuwa bahari. Ndiyo maana mawe yenye meno ya samaki huyu yamepatikana milimani, mbali na pwani. Yamepatikana Urusi, Marekani, Kanada, Meksiko, Australia, Uchina na Japani.

KWA NINI YALIBAKI MENO TU?

Nilipolisimulia jambo hili katika darasa moja la kijiji cha wavuvi, mzee mmoja aliweka kalamu chini akacheka.

"Mwalimu," alisema, "huyo samaki alikuwa wa jamaa za papa?"

Nikamwuliza, "Umejuaje, babu?"

"Kwa sababu umesema yalibaki meno matupu. Mimi nimepasua papa tangu ujana wangu. Papa hana mfupa. Ana gegedu. Ukimtupa papa ufukoni, gegedu litaoza lote. Baada ya muda utaokota meno tu."

Darasa zima lilimpigia makofi, na mimi pia. Sijapata kusoma kitabu kilichoeleza jambo hilo kwa maneno machache kuliko yale.

Mzee alisema kweli. Shika sikio lako ulikunje. Kile kitu kigumu kidogo, kinachopinda bila kuvunjika, ndicho gegedu. Mwili wa papa, na wa taa pia, umejengwa kwa gegedu badala ya mfupa. Ndivyo ulivyojengwa mwili wa Helikoprioni. Alipokufa alizama hadi chini ya bahari. Nyama ikaoza. Gegedu nalo likaoza. Meno hayakuoza upesi, kwa sababu ni magumu. Tope likayafunika. Tope jingine likaja juu yake, na jingine tena. Baada ya miaka mingi mno tope likawa jiwe, na meno yakawa jiwe ndani ya jiwe.

Kwa hiyo mtu aliyepasua jiwe hilo hakuona kichwa, wala mkia, wala mapezi. Aliona msokoto wa meno peke yake. Ni kama mtu wa nchi ya mbali aokote jembe lisilo na mpini, naye hajapata kumwona mkulima. Atalishika kwa upande gani?

MZEE KARPINSKY NA MAWE YA URAL

Mwaka 1886 mtaalamu mmoja Mwingereza, Henry Woodward, aliandika habari za kipande cha meno kilichotoka Australia. Kilikuwa kipande tu, kimepinda kidogo kama mundu. Hakuna aliyeweza kujua kwamba mwisho wake ulikuwa ni duara.

Duara lenyewe lilieleweka mwaka 1899. Huko Urusi alikuwako mtaalamu wa mawe aliyeitwa Alexander Karpinsky. Huyu hakuwa mtu mdogo. Baadaye alichaguliwa kuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya nchi yake, na akashika kazi hiyo tangu mwaka 1917 hadi alipokufa mwaka 1936. Karpinsky alipata mawe yaliyotoka katika milima ya Ural. Ndani yake mlikuwa na misokoto mizima ya meno, yenye mizunguko mitatu hivi. Ndiye aliyempa samaki jina la Helikoprioni.

Karpinsky alijiuliza: samaki ataubebaje msokoto huu? Akachora picha. Katika picha hiyo meno yalitoka katika taya la juu, yakapita mbele ya pua, kisha yakajikunja kuelekea juu, kama tembo aliyeinua mkonga.

Picha hiyo iliwashangaza watu. Wengi hawakuikubali. Walisema samaki mwenye kitu cha namna hiyo usoni hawezi kuogelea vizuri, wala hawezi kutafuna. Basi wakaanza kuuhamisha msokoto. Wengine waliupeleka mgongoni, ukawa kama mwiba mbele ya pezi. Wengine waliupeleka mkiani. Karpinsky mwenyewe baadaye alifikiri tena juu ya mahali pake. Wengine walisema ni taya la chini, lakini msokoto ulining'inia nje ya kidevu. Na katika miaka ya karibuni zaidi, wako waliosema ulikaa ndani kabisa, kooni.

Picha zote hizo zilichapishwa. Mtu aliyenunua kitabu kimoja alimwona samaki mwenye msumeno puani. Aliyenunua kingine alimwona samaki yule yule ana msumeno kidevuni. Kila mmoja aliweza kusema, "Mimi nimeona kitabuni." Wanakisomo wangu huamini sana neno lililopigwa chapa, na siwalaumu, maana hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini karatasi haikatai wino. Wachoraji hawa hawakuwa waongo. Walichora walichokisia, na walikisia kwa sababu kitu muhimu kilikosekana, yaani taya lenyewe.

JIWE LILILOTOKA KATIKA MGODI WA MBOLEA

Katika jimbo la Idaho, nchini Marekani, kuna migodi ya fosfeti. Fosfeti ni mawe yanayotumika kutengeneza mbolea. Wakulima wa Arusha na Manyara wanaijua mbolea ya Minjingu. Hiyo nayo hutokana na mawe ya fosfeti, na ndani ya mawe hayo ya Minjingu mna mifupa ya ndege na ya samaki wa kale. Mawe ya Idaho yana umri mkubwa zaidi kwa mbali. Yalikuwa tope la bahari wakati wa Helikoprioni. Wachimbaji walipotafuta mbolea, mara kwa mara walikuta misokoto ya meno.

Jiwe moja kati ya hayo lilikuwa tofauti na mengine. Msokoto wake una meno 117. Upana wake ni sentimita 23, karibu sawa na sahani ya kulia wali. Lakini thamani yake haikuwa meno. Kando ya meno, ndani ya jiwe, lilikuwamo gegedu. Kwa bahati njema, gegedu la samaki huyu mmoja halikuoza lote. Liligeuka jiwe pamoja na meno yake.

Mtaalamu wa Denmark, Svend Erik Bendix-Almgreen, alilichunguza jiwe hilo akaandika habari zake mwaka 1966. Aliona alama za gegedu, akasema kuwa msokoto ulikuwa katika taya la chini, katikati, kati ya upande wa kulia na wa kushoto. Alikuwa amekaribia kabisa. Ila gegedu lilikuwa limepondeka, na sehemu kubwa ilifichika ndani ya jiwe. Kulivunja jiwe ili aone ndani kungekuwa kuharibu kitu chenyewe anachokitafuta. Basi ubishi ukaendelea.

EKSIREI YA JIWE

Mtu akivunjika mguu, daktari humpiga picha ya eksirei. Picha hiyo huonyesha mfupa bila kupasua nyama. Siku hizi ziko mashine kubwa zaidi. Hupiga eksirei nyingi sana kwa zamu, kila moja ikionyesha tabaka moja jembamba, mfano wa vipande vya mkate wa boflo. Kisha kompyuta huviunganisha vipande hivyo, nawe ukaona mkate mzima, nje na ndani.

Jiwe lile la meno 117 lilikuwa katika jumba la makumbusho la Idaho, katika mji wa Pocatello. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha huko, Jesse Pruitt, aliliona akavutiwa nalo. Wengine walikuwa wameliona kabla yake. Yeye akauliza, kwa nini lisipigwe eksirei? Mwalimu wake, Leif Tapanila, na wataalamu wengine walishirikiana naye. Jiwe likapelekwa Texas, ambako kuna mashine yenye nguvu ya kutosha kupenya mwamba. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1993? Hapana, msomaji, ni majuzi zaidi ya hapo: mwaka 2013. Hesabu mwenyewe tangu 1899. Ni miaka 114.

Waliyoyaona ni haya.

Mlikuwa na taya la chini lote, na sehemu ya taya la juu. Msokoto haukuwa mbele ya pua, wala haukuning'inia kidevuni, wala haukuwa kooni. Ulijaza taya la chini kwa urefu wake wote, tangu mbele hadi karibu na kiungo cha taya. Yaani huyu samaki hakuwa na safu mbili za meno chini, kulia na kushoto, kama wewe na mimi. Alikuwa na safu moja tu, ya katikati, imesimama wima kama msumeno wa duara katika karakana ya seremala. Nusu ya msumeno huo ilifichika ndani ya taya. Meno ya juu tu ndiyo yaliyojitokeza kinywani.

Kulia na kushoto kulikuwa na vipande vya gegedu vilivyoubana msokoto usiyumbe. Mtu anayepasua mbao anaelewa haja ya jambo hilo. Msumeno ukiyumba haukati, bali hukwama au hukunjika.

Katika taya la juu hawakuona jino hata moja.

Kuna sehemu moja ambayo mimi huipenda kuliko zote. Samaki mwenye msumeno wima chini ana hatari: akifunga kinywa kwa nguvu, meno yake mwenyewe yatapenya juu na kutoboa fuvu na ubongo. Wataalamu walikuta kwamba karibu na kiungo cha taya la chini palikuwa na kinundu cha gegedu. Taya lilipofungwa, kinundu kilikutana na taya la juu na kulizuia lisiende zaidi. Ni kama kile kipande cha mti tunachokipigilia sakafuni ili mlango usigonge ukuta.

JINO HALIKUTUPWA

Papa hupoteza meno maisha yake yote. Jino likichakaa hudondoka, na jingine husogea mbele kushika nafasi yake. Wavuvi huyaokota. Helikoprioni hakutupa jino. Meno mapya yaliota upande wa nyuma wa taya, kila moja kubwa kidogo kuliko lililotangulia. Kila jipya lilipoota, yale ya zamani yalisukumwa mbele, kisha chini, kisha ndani, yakafunikwa na gegedu. Meno yale madogo kabisa yaliyo katikati ya msokoto ni meno ya utoto wake. Alikua nayo na akafa nayo.

Hapa ukili unafaa tena kuwa mfano. Ukiufungua ukili wote unaweza kuona mahali msukaji alipoanza, na mahali alipofika siku ya mwisho. Msokoto wa Helikoprioni ni vivyo hivyo.

Misokoto mingine ni mikubwa kuliko ule wa sentimita 23. Ipo iliyozidi nusu mita kwa upana. Kwa kulinganisha ukubwa wa misokoto na taya, wataalamu hukisia kwamba samaki wakubwa kabisa wa aina hii walifika urefu wa mita 7 hivi. Mitumbwi mingi ya wavuvi wetu haifiki urefu huo.

ALIKULA NINI?

Hakuna aliyemwona akila. Lakini meno husema. Mpasua mawe ana patasi iliyovunjika ncha. Meno ya samaki anayevunja kombe na kaa nayo huchakaa au hukatika. Meno ya Helikoprioni yamekutwa na ncha zake, yakiwa na uchakavu mdogo sana. Kwa hiyo inaelekea alikula vitu laini. Katika bahari ya wakati ule walikuwako samaki, na pia wanyama walio jamaa za ngisi na pweza. Hao ndio waliomfaa.

Namna alivyokula ilielezwa baadaye na wataalamu wale wale, walipopima taya na viungo vyake. Chukua sahani, uishike wima mbele yako kama gurudumu, kisha uizungushe ili sehemu ya juu irudi nyuma, kuelekea kifuani kwako. Hivyo ndivyo meno yalivyokwenda taya lilipofungwa. Hayakupanda juu tu, bali yalipanda na kurudi nyuma. Meno ya mbele yalimnasa ngisi kama ndoana. Meno ya katikati yalimchoma na kumkata. Meno ya nyuma yalimsukuma kuelekea kooni. Taya likifunguliwa na kufungwa tena, ngisi huingia zaidi. Kwa kuwa hapakuwa na meno juu, nyama ilibanwa kati ya msumeno na taya la juu, kama mpishi anavyobana nyama juu ya ubao ili aikate.

Mwanakisomo mmoja aliniuliza kama msumeno huo ulizunguka mfululizo, kama ule wa mashine ya mbao. La. Haukuwa na mhimili wa kuzungukia. Ulikwenda mbele na nyuma pamoja na taya, basi.

JAMAA ZAKE

Yule mzee wa kijiji cha wavuvi alisema Helikoprioni ni wa jamaa za papa. Kwa habari ya gegedu alipata sawasawa. Lakini taya lilipoonekana lote, wataalamu walikuta jambo la ajabu kidogo. Namna taya la juu lilivyoshikamana na fuvu haikufanana na ya papa. Ilielekea zaidi kwa samaki wengine wenye gegedu, waitwao kimaira, ambao wengi wao huishi kilindini, mahali pasipofika nyavu za kawaida. Kimaira wana macho makubwa, na badala ya meno mengi wana mabamba machache ya kusagia. Ukimtazama hutadhani ana ndugu mwenye msumeno.

Nilirudi kijijini kumweleza mzee habari hizi za kimaira. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniomba nimchoree kinywa cha Helikoprioni ubaoni, kwa chaki, kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Nilichora mara tatu. Mara ya kwanza alisema kinundu cha kuzuia taya nimekisahau, na ilikuwa kweli.